Pampu ya oili ya difu ya shilingi 18,000: naipenda, ila mpira wake unaniudhi

Wadau, habari zenu, karibuni tena chini ya gari. Leo tuna pampu ya mkono ya oili ya difu, yaani lile boksi la meno kwenye ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu; pampu ni ile inayofungwa mdomoni mwa chupa. Nimeichukua Gerezani, Kariakoo, kwa shilingi 18,000. Jinsi ya kuvuta na kusukuma mnaijua, siendi huko. Nataka tuutazame huu mpira wake, maana pampu yenyewe ni nzuri na mpira ndio unaoiharibia sifa.

Gari ni Toyota Prado 120. Lina kimo, naingia chini bila jeki, na linakaa sawasawa chini kama inavyotakiwa, kwa sababu gari likiinama mbele au nyuma kipimo cha oili kitakudanganya. Wewe mwenye gari la chini, liinue pande zote nne ulikalishe kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, nawaombeni sana.

Tunaanza na difu ya nyuma, nati ya juu, ya kujazia, spana namba 24. Ya chini usiiguse kwanza! Ukishamwaga oili yote halafu ya juu ikagoma, gari haliendi popote. Imelegea? Haya, mwaga, na ni vizuri uwe umeendesha kidogo ili oili ipate moto itoke vizuri.

Sogeza kamera hapa kwenye sumaku ya nati ya chini. Huu unga laini wa kijivu ni kawaida, meno yanasagana. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, acha kujaza, tafuta fundi wa difu. Na oili ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ninyi mnaovuka Jangwani, hapa Dar, maji yakiwa yamejaa, hili ni lenu: difu ikiwa ya moto ikazama kwenye maji, hewa ya ndani inapoa, inanywea, na inavuta maji kupitia kwenye sili. Pale juu ya ekseli kuna kipumulio, kikofia kidogo tu. Kikiziba matope, shida inakuwa kubwa zaidi. Kisafishe kila ukifanya kazi hii.

Sasa pampu. Nafunga nati ya chini, naingiza ncha ya mpira kwenye tundu la juu, nasukuma. Moja, mbili... mmeona? Umeruka! Oili iko kwenye shati. Ngoja turudie, tazameni mpira wenyewe. Umekuja umekunjwa ndani ya boksi, umekakamaa, na kila nikisukuma unajinyonga na kutoka tunduni. Kwa hiyo mkono mmoja umeshika mpira, wa pili uko kwenye pampu, chupa inashikwa na nani? Inalala, pampu inavuta hewa, unaanza upya. Hii inaudhi, kwa sababu aliyeitengeneza angeweka ncha ya chuma yenye kona na tatizo lingekwisha.

Dawa yake hii hapa. Kipande cha bomba la shaba la friji, urefu wa kiganja, mafundi friji wana mabaki yake. Jaza mchanga mkavu kabla ya kulikunja ili lisibonyee, likunje liwe ndoano, halafu lioshe kwa petroli na ulipulizie upepo mpaka uwe na hakika hakuna punje hata moja iliyobaki. Mchanga ndani ya difu unakula beringi. Chomeka kwenye mpira, funga kwa klipu. Mpira nao uloweke kwenye maji ya moto, uunyooshe, uuache upoe hivyo hivyo.

Angalia tofauti. Naning'iniza ndoano tunduni, naachia. Haitoki! Mkono mmoja unashika chupa, mwingine unasukuma. Nasukuma kwa nguvu kabisa, bado imekaa. Raha tupu.

Mtaniuliza kuhusu njia nyingine. Bomba la sindano kubwa linafanya kazi, ila unatoka na kuingia chini ya gari kila likiisha. Mpira na faneli kutokea juu haudai gharama, lakini oili ya difu ni nzito, utasubiri. Mimi moyo wangu, niwaambie ukweli, unaanza kwenda kwenye bomba la kupulizia dawa shambani: unatoa kichujio na pua, unajaza presha, unafunga kitufe, oili inaingia yenyewe. Liwe jipya lakini, lisiwe limewahi kuwekwa dawa. Kama una gari zaidi ya moja nyumbani, ningekwambia nunua hilo. Kwa Prado moja, pampu hii na kipande cha shaba vinatosha.

Oili iwe imeandikwa GL-5, hilo ni daraja la oili ya gia, kama kitabu cha gari kinavyotaka, maana meno ya difu hii yanateleza yakiwa yamekandamizana sana. Ila usichukue inayobaki ukamimina kwenye gia boksi ya manyuo (manual). Nyingi zinataka GL-4, na baadhi ya dawa zinazochanganywa kwenye GL-5 zinaweza kula vipande vya shaba vilivyomo mle. Gia boksi ya otomatiki ni habari nyingine kabisa, video yake inakuja, kwa hiyo bonyeza kengele usiikose, na uandike chini gari lako ni lipi nijue nianze na lipi.

Haya, tazama tunduni, oili imeanza kurudi nje. Usawa wa ukingo wa chini wa tundu, hapo imejaa, usiongeze. Acha imwagike mpaka itone tu, weka washa mpya (ile pete ya kuzibia), kaza nati. Ya nyuma tayari. Nahamia difu ya mbele, na kule leteni hekso ya 10, ile ya pembe sita inayoingia ndani ya nati, hii spana ya 24 haina kazi.