Kunyamazia uhalifu: Marekani na Ireland ya Kaskazini

Unajua jirani yako ameua mtu, na polisi hujawaambia. Je, una kosa?

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, bado. Kosa hilo lipo tangu 1790 na adhabu yake hufika miaka 3 jela, lakini majaji wamelibana: kimya peke yake hakitoshi. Mwendesha mashtaka lazima aonyeshe tendo la kuficha, mathalani kutupa bunduki mtoni au kumdanganya mpelelezi. Tena jinai yenyewe iwe ya shirikisho, na mauaji ya mtaani kwa kawaida ni kesi ya jimbo.

Ireland ya Kaskazini hawana mchezo. Sheria ya 1967 inakutaka utoe taarifa ndani ya muda unaofaa. Ukinyamaza bila sababu ya msingi, umekosa, hata kama hukuficha kitu. Kwa mauaji, kifungo hufika miaka 10. Ajabu, mwaka huohuo England ililifuta kosa lake la namna hii. Yaani Belfast unashtakiwa, Liverpool unalala (ugaidi una sheria yake).

Mimi ningechagua ya Marekani. "Sababu ya msingi" ni maneno mapana mno, hasa mahali kama Ireland ya Kaskazini, ambako miaka ya machafuko aliyewaambia polisi aliweza kupigwa risasi.