Kadi za mimea ya hekaya: mandragora yangu hana miguu

Kadi hizi nilizinunua kwa ajili ya moja tu. Kasha limeandikwa kwamba ndani mna mimea 48 ya porini, na hekaya na wahusika waliochukua majina yake, nami nikapekua moja kwa moja kutafuta mandragora. Ndiyo ile ambayo Biblia yetu inaiita tunguja: Reubeni aliziokota mashambani siku za mavuno ya ngano, na Raheli akazitamani hadi akamwachia dada yake zamu ya mume usiku ule.

Maelezo ya nyuma ya kadi ni matamu. Mzizi una umbo la mtu, ukiung'oa unapiga ukelele, na anayeusikia hufa au hurukwa na akili. Kwa hiyo unamfunga mbwa kwa kamba kwenye mzizi, unaziba masikio, unamwita kutoka mbali; akivuta, anakufa yeye. Wametaja hata kitabu kilichoandikwa kwa mkono, kilichotengenezewa Anicia Juliana, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Kirumi, kule Konstantinopoli, mnamo mwaka 512, ambamo Dioscorides, tabibu wa kale wa Kigiriki aliyeandika juu ya mimea ya dawa, anaonyeshwa mzizi wenye mikono na miguu, na mbwa anakata roho chini yake.

Sasa geuza upande wa picha. Majani mawili mapana kama miavuli juu ya kikonyo kirefu, na kwenye panda ua moja jeupe limeinama. Mpwa wangu wa miaka tisa aliitazama, akaniuliza, "Mjomba, mbona hana miguu?"

Hana kwa sababu siye. Mandragora halisi hutandaza majani yake ardhini kwa duara, na maua ya zambarau hukaa katikati. Huyu aliyechorwa ni Podophyllum peltatum, mmea wa misitu ya Amerika Kaskazini, ambao wasema Kiingereza waliupachika jina lilelile, mandrake. Niliwaandikia wauzaji. Wakajibu kwamba picha ni sahihi kwa kuwa jina ni hilo hilo.

Sina ugomvi na jina kuhama. Mtunguja tunaoujua sisi, kichaka chenye miiba na vitunda vya njano, nao si mandragora. Lakini mfasiri wa Biblia alilipeleka jina kwa ndugu: yote miwili ni ukoo mmoja na nyanya na mnavu. Mmea wa kwenye kadi ni ukoo mwingine kabisa. Huko Ulaya zamani walikuwapo wachuuzi waliochonga mizizi ya Bryonia, mmea mwingine unaotambaa, ikafanana na mtu, wakaiuza kwa jina la mandragora. Angalau wao walijitahidi kuweka miguu.

Kadi nyingine zimenipunguzia hasira. Ya belladonna, mmea wenye sumu, ni nzuri sana: tunda jeusi linang'aa, na nyuma yake mkono umeshika mkasi. Mkasi huo una maana, kwani Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita mmea huo Atropa mwaka 1753 kwa jina la Atropos, yule miongoni mwa akina dada watatu wa hekaya za Kigiriki anayekata uzi wa uhai. Ya mchawi Mandrake, aliyeanza kwenye katuni za magazeti za Lee Falk mwaka 1934, ina kofia ndefu, joho na masharubu membamba, na hakuna jani hata moja. Hapo sina neno, jina pekee linamtosha.

Karatasi ni ngumu, wiki mbili za mikono ya watoto hazijazikunja kingo. Ila zinang'aa mno. Usiku chini ya taa inabidi uiinamishe kadi ndipo usome.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Ile kadi nimeibandika karatasi nyeupe juu ya picha, na mpwa wangu anachora mandragora upya. Ameanza na mbwa.