Eti tovuti yangu haina watu: uzoefu wangu na Umami

Jamani hapa nilipo bado nina hasira. Nauza mabegi ya vitenge mtandaoni, niko Sinza, Dar es Salaam, na siku zote nilikuwa nahesabu wageni wa tovuti kwa Google Analytics mpaka nikachoka. Mtu kaja kuangalia begi tu, taarifa zake nazipeleka Marekani za nini? Tena sasa hivi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kutumika Mei 2023. Nikaamua kuweka Umami, programu nyingine ya kuhesabu wageni wa tovuti, kwenye seva yangu mwenyewe, ni bure na haitumii kuki, yale mafaili madogo ya kumfuatilia mtu kwenye kivinjari chake.

Nikapata jamaa wa kunifungia, nikamlipa nusu. Kafunga, kaondoka, paswedi kaacha ile ile inayokuja nayo, admin na umami, yaani yeyote angeingia! Hiyo nikabadilisha mwenyewe. Shida ikawa namba. Naposti begi jipya Instagram, meseji zinamiminika, nikifungua Umami kurasa zimefunguliwa mara mia na kitu, wageni saba. Saba! Na sehemu ya nchi patupu.

Nampigia, ananijibu, "Dada yangu, mtambo hauna tatizo, tovuti yako ndo haina watu. Si ungebaki na Google kama wenzako." Kakata simu. Mimi wateja wananiandikia mpaka saa sita usiku halafu mtu niliyemlipa ananiambia sina watu!

Nikakesha. Kumbe kwenye Nginx, ile programu inayopokea wageni kwenye seva na kuwapitisha kwa Umami, hakuweka ile heda ya X-Forwarded-For, yaani mstari unaopeleka mbele anwani halisi ya mgeni, kwa hiyo Umami ilikuwa inaona anwani ya ndani ya seva tu badala ya anwani ya kila mgeni, na yenyewe inamtofautisha mgeni kwa hiyo anwani (IP) na kivinjari chake, basi wote wenye simu za kufanana wakawa mtu mmoja. Mstari mmoja tu! Nimeuongeza, nikawasha Nginx upya, kesho yake watu hao, Tanzania, Kenya, mpaka Oman.

Nilikaa niandike kwamba hiki kitu msihangaike nacho. Hapana, Umami ni nzuri, naipenda kabisa, ila kama huna fundi anayejua labda subiri kwanza... au fungeni wenyewe bwana, mbona mimi nimesomea ushonaji na nimeweza. Hela yake iliyobaki anaidai kila siku WhatsApp, na simpi mpaka aniombe radhi kwa lile neno.