Mchezo wa nukta na mistari wenye kitufe cha HAIWEZEKANI

Haya, karibuni tena. Leo sina salamu ndefu, mchezo huu umeninyima usingizi na bado nina kinyongo nao. Mnaijua mitindo yake: nukta, mistari, unapita kila mstari mara moja bila kuinua kidole. Rangi na muziki mtajionea wenyewe. Mimi nakitaka kitufe hiki, chini kulia. Kimeandikwa HAIWEZEKANI.

Tazameni kioo. Kanyumba kenye msalaba tumboni, mistari minane. Naanza kileleni, kama kila mtu. Nashuka bega la kushoto, nakata kwenda la kulia, mshazari hadi chini kushoto, napanda ukuta, mshazari wa pili, narudi na sakafu... nimekwama. Imebaki miwili, wa paa na ukuta wa kulia. Kidole kinawasha, eti? Nabonyeza HAIWEZEKANI. Ona! Imekula moyo mmoja, maana inawezekana.

Sasa hesabuni mistari inayogusa kila nukta. Kileleni miwili, mabegani minne minne, chini mitatu mitatu. Nukta za witiri ni mbili tu, kwa hiyo anzia moja, utaishia kwa mwenzake. Naanza chini kushoto... hivi, hivi... imekwisha!

Hatua ya 12 sasa. Nukta nne, mistari saba: madaraja ya mji wa Königsberg, yale ambayo mwanahisabati Euler aliyapeleka mbele ya Akademia ya Sayansi ya St. Petersburg mwaka 1735. Kisiwa kina madaraja matano, sehemu nyingine matatu matatu. Zote nne witiri, na zikizidi mbili njia hakuna. Nikabonyeza kitufe kabla sijagusa mstari hata mmoja. Raha yake, jamani! Michezo mingine ya aina hii kila hatua ina jibu, ukihangaika sana utafika tu. (Ule wa kufumua nyuzi nao si mbaya, video yake ipo kwenye chaneli.)

Kinyongo sasa. Kitufe cha kidokezo wamekibandika ubavuni mwa HAIWEZEKANI. Kidole kikiteleza, unaangaliana na tangazo. Mara nne jana! Halafu ukishaijua siri ya witiri, hatua ishirini hivi zinakuwa kazi ya karani, kuhesabu tu. Hapo nikashusha alama, kutoka tisa hadi sita.

Kisha wakabadilisha sheria: pita kila nukta mara moja, mistari uache utakayo. Umbo la nukta 20, lile alilolifanyia mchezo mwanahisabati Hamilton mwaka 1857. Nikahesabu witiri kwa mazoea, wapi! Kila nukta ina mistari mitatu na bado njia ipo. Hesabu ile haikusaidii kitu hapa. Haya, nane.

Jumamosi tuko mubashara, nitacheza hatua ya 31, inayonitesa mpaka sasa. Nimebakiza moyo mmoja na sithubutu kukigusa kile kitufe. Aliyeivuka aandike kwenye komenti, ila asitaje nukta ya kuanzia.