Nusu siku na mtunza tembo: nendeni, ila ule ubao wa historia urekebishwe

Jana nilikuwa kwenye ile huduma inayotolewa siku hizi na bustani nyingi za wanyama: unalipa zaidi ya kiingilio cha kawaida, unapewa ovaroli na mabuti ya mpira, kisha unashinda nusu siku ukimsaidia mtunza wanyama kazi zake. Nilichagua banda la tembo. Mgongo bado unauma, lakini nimeona niandike mapema ili anayetaka kulipia ajue analipia nini.

Hakuna kumpanda tembo wala kumkumbatia. Ukitaka hayo, usiende. Kati yako na mnyama kuna nguzo za chuma muda wote, na hata mama aliyetuongoza, mwenye zaidi ya miaka 20 kazini, haingii ndani tembo akiwamo. Zamani watunzaji waliingia na fimbo yenye kulabu, na wapo waliopoteza maisha. Utaratibu huu wa sasa ni salama kwa pande zote mbili, nami naupongeza.

Saa ya kwanza na ya pili ni kuzoa mavi. Tembo mzima hula zaidi ya kilo 100 kwa siku, na tumbo lake halisagi hata nusu yake, kwa hiyo toroli hazikauki. Msiikwepe sehemu hii. Mama yule alichukua donge moja, akalipasua kwa mikono yenye glavu, akatusogezea karibu.

"Unaona nyuzi hizi, mwanangu? Zikianza kuwa ndefu, najua meno yanamsumbua. Simsubiri aache kula."

Kisha ikaja miguu, na kwa hiyo peke yake ningelipa tena. Mama alipuliza filimbi fupi, akashika upondo wenye mpira mdogo nchani, na tembo jike akaja mwenyewe, akainua mguu wa mbele na kuupitisha kwenye tundu la chini kati ya vyuma, akauweka juu ya kibao. Hakuna aliyemvuta. Kila alipotulia alipewa kipande cha karoti. Mama akapiga magoti, akausugua wayo kwa brashi na maji ya uvuguvugu, akachomoa changarawe iliyokwama kwenye ufa, kisha akachukua tupa na kuanza kupunguza kucha, taratibu, huku akiongea naye kwa sauti ya chini. Wayo ule una mistari kama ardhi iliyokaukiwa na maji, na niliporuhusiwa kuugusa ulikuwa na joto. Tembo anayekaa sehemu moja na kusimama kwenye sakafu ngumu huoza miguu, na ugonjwa wa miguu umewaua tembo wengi sana wa kufugwa. Mama alikiri hilo mbele yetu bila kuficha, kisha akaendelea na kucha ya pili.

Wakati wa mapumziko ndipo tulipoelekezwa kwenye ubao wa historia, na hapa nina malalamiko. Ubao mzima ni wafalme. Dubu mweupe aliyepelekwa kwa Henry III wa Uingereza kutoka Norway mwaka 1252, akawa anashushwa mto Thames kuvua samaki akiwa amefungwa kamba. Sawa, lakini nani alikuwa ameishika kamba ile? Twiga ambaye mtawala wa Misri alimzawadia mfalme wa Ufaransa, akatembea kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris mwaka 1827. Ubao haumtaji Atir, mtu kutoka Sudan aliyetembea naye, kisha akabaki Paris akilala kwenye jukwaa karibu na kichwa chake ili amsugue na kumtunza.

Habari za Atir alitusimulia mama yule, si ubao. Akatusimulia pia Yevdokia Dashina, mtunzaji wa bustani ya wanyama ya Leningrad, mji wa Urusi ambao leo unaitwa St Petersburg, ulipozingirwa na Wajerumani mwaka 1941. Maji ya bomba yalikatika, na ngozi ya kiboko wake, Krasavitsa, ikaanza kupasuka na kutoa damu. Dashina akawa anavuta maji kutoka mto Neva kwa kigari cha theluji, ndoo kama 40 kwa siku, akayapasha moto, akamwogesha na kumpaka mafuta ya kafuri. Nyasi zilipopungua, tumbo la kiboko lilijazwa unga wa mbao uliopikwa. Watu walikuwa wanakufa kwa njaa mjini humo, naye Krasavitsa akaiona amani. Mama aliposimulia sehemu ya ndoo, aliangalia bomba lake la maji, akanyamaza kidogo.

Kilichoniudhi zaidi ni picha iliyo katikati ya ubao. Ni ule mchoro wa Kichina wa twiga aliyepelekwa kutoka Bengal kwa mfalme wa China mwaka 1414, mwaka mmoja kabla ya twiga wa Malindi kufika huko. Mchoro huo naufahamu. Pembeni ya twiga kuna mtu amesimama, ameshika kamba. Kwenye ubao wamemkata. Amebaki twiga peke yake na kipande cha kamba kinachoishia hewani.

Mengine ni madogo. Tulikuwa watu 12, wengi mno kwa tundu moja la mguu, sita wangetosha. Mpiga picha wao alitukatiza mara tatu wakati mama anaeleza. Mabuti yalikuwa safi.

Nilipoulizwa maoni getini, nilijaza kurasa mbili za daftari. Nimewaomba waurudishe mchoro mzima, na chini yake waandike jina la mama yule, akiridhia. Nitarudi kuangalia.