Kwa Bibi, Kibirizi: mgebuka, mawese na benchi moja

Ukishuka Kibirizi, kituo cha boti cha Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka mtaa wa Mwanga, usitafute kibao, hakuna. Uliza kwa Bibi. Mpiga debe yeyote wa boti atakuonyesha banda la mabati lenye benchi refu linalotazama ziwa. Nimekula hapo miaka sita, kila nipitapo kwenda Nyanza-Lac, Burundi, ambako kanisa letu la Tabora lilinituma kufundisha kina mama ushonaji na, kama barua yangu ya utume ilivyosema, kuwashirikisha Injili. Kwa hiyo msinichukulie kama mpita njia aliyepiga picha ya sahani akaondoka.

Tuanze na chakula. Samaki wa kuchoma aitwaye mgebuka, ugali wa muhogo, maharage ya mawese, pilipili mbichi na kipande cha limao: elfu tano mara ya mwisho. Bibi humpasua mgebuka mgongoni, anampaka chumvi, kisha anasubiri makaa yapungue ukali ndipo amlaze kwenye wavu. Ngozi inakauka hadi inalia chini ya jino, ndani nyama bado ina maji yake. Kwetu Tabora samaki wa ziwa hufika amechoka kama abiria wa treni, kwa hiyo hapa hula wawili bila aibu. Pilau ya Ijumaa ni ya kawaida. Chai ni sukari iliyotiwa majani.

Kasoro zipo. Moshi wa jiko unaingia bandani upepo ukigeuka. Ndoo ya kunawia ni moja na koki yake inavuja. Chenji hana kamwe. Ukitoa noti ya elfu kumi utarudishiwa sehemu kwa maandazi. Ukifika baada ya saa nane migebuka imekwisha, utakula dagaa.

Ila kinachonirudisha ni benchi. Ni moja, mnakaa bega kwa bega: wavuvi, wachuuzi wa Kagunga, kijiji cha mpakani, Warundi na mizigo yao, mara kijana wa Kizungu anayesubiri boti ya kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe. Boti huondoka ikijaa, na itajaa lini hakuna ajuaye.

Safari yangu ya kwanza nilikuja na begi la vijitabu vya Injili. Nilivipanga mezani kimoja kimoja, mbele ya kila sahani, kama mtu anayegawa karata. Bibi alitoka jikoni na kitambaa chake begani, akavikusanya vyote taratibu, akaviweka juu ya kabati.

"Mwanangu, mtu akila hasomi. Kaa ule kwanza."

Niliona haya, nikakaa. Mama mmoja Mrundi kando yangu akacheka, akaniuliza naenda wapi, kisha akaanza kunifundisha: huyu mgebuka ninayemla, kwao anaitwa mukeke; dagaa ni ndagala. Wiki iliyofuata, soko la Nyanza-Lac, niliomba mukeke kwa jina lake. Muuza samaki aliita wenzake waje kumsikia Mtanzania. Wawili kati ya hao wenzake ndio waliokuwa wanafunzi wangu wa kwanza wa cherehani. Mwaka mzima sikuhubiri neno. Nilifundisha kukata shingo ya gauni na kuulizwa mume wangu yuko wapi. Mwezi wa kumi na nne mmoja wao, mguu ukiwa bado kwenye pedeli, akauliza: "Mama, huo wimbo unaouguna ukitunga uzi ni wa nini?" Tukaongea mpaka taa ikaisha mafuta.

Vile vijitabu navyo vina habari yake. Niliporudi miezi mitatu baadaye, Bibi alikuwa anavitumia kufungia maandazi. Nikameza kasirani. Halafu nikamwona mvuvi amemaliza andazi, amenyoosha karatasi gotini, anasoma Yohana kupitia doa la mafuta. Mimi mwenyewe sikuwahi kumpata msomaji makini namna ile.

Vijana wengi wa misheni wanaopita hapa hukimbilia Ujiji kuona mahali mwandishi Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871. Waende, ni karibu. Mimi hunikaa zaidi kisa cha miaka miwili nyuma yake. Mwaka 1869 Livingstone, kifua kimemwelemea hata kutembea hawezi, alibebwa hadi Ujiji na msafara wa Mohamed Bogharib, mfanyabiashara Mwarabu, ambaye njiani alimlisha na kumpa dawa. Muislamu, tena mtu wa msafara wa pembe na watumwa, biashara ileile ambayo mgonjwa wake aliilaani maisha yake yote. Kisa hicho hakikai vizuri kwenye mahubiri, nimejaribu. Lakini hunijia kila nikishika sahani ya Bibi, ambaye ni Muislamu wa Ujiji kwa kuzaliwa.

Mwaka juzi upepo ulizuia boti siku tatu na nauli yangu ikawa imeliwa na gesti. Bibi alinilisha asubuhi na jioni. Nilipotoa daftari niandike deni, alilifunga kwa mkono wenye unga.

"Utanilipa ukirudi. Kaniombee huko kwako, na mimi nitakuombea kwangu."

Nililipa mwezi wa nane. Alihesabu, akanirudishia elfu mbili, akidai siku ya tatu nilikula kidogo.

Nyota nne, ya tano imeliwa na moshi. Njoo kabla ya saa saba, uje na noti ndogondogo, mwamkie kabla hujaagiza. Na kama hupendi mawese mengi mwambie mapema, maana akishamwaga, amemwaga.