Sindano, mrija au skrubu: tathmini ya tiba za kifuko cha maji kiunoni

Vifuko hivi huota kwenye jointi ndogo za nyuma ya pingili, hasa kati ya L4 na L5 (pingili ya nne na ya tano za kiuno) ambako mgongo unacheza sana. Ugwe wa mgongo wenyewe huishia karibu na L1 au L2, kwa hiyo kinachobanwa huku chini ni mishipa ya fahamu, na maumivu hushuka mguuni.

Wengi huanzishiwa sindano. Daktari, akiongozwa na eksirei, huingiza ganzi na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya jointi, kisha husukuma maji mpaka kifuko kipasuke. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini jointi iliyochakaa bado ipo, na kifuko huweza kujaa tena. Chenye maji mazito kama jeli, au ukuta ulioshika chokaa, mara nyingi hakipasuki kabisa.

Alama za juu tunaupa upasuaji wa mrija. Ngozi huchanwa sentimita 2 hadi 3, misuli hutanuliwa bila kukatwa, mrija wa milimita 18 hadi 22 hupitishwa, na chini ya hadubini mfupa hupunguzwa kwa drili na koleo la Kerrison, la kumegea mfupa. Ugumu uko pale kifuko kilipogandamana na dura, utando unaofunika mishipa. Mpasuaji makini hutafuta kwanza dura safi juu na chini ya kifuko, ndipo aanze kubandua. Kipande kinachokataa kibaki hapohapo! Kukivuta kwa nguvu ndiko kunakochana dura na kuvujisha maji ya ugwe: mgonjwa akikaa kichwa kinamuuma vibaya, akilala kinatulia. Mchaniko hushonwa na kuzibwa kwa gundi ya faibrini (protini inayogandisha damu), naye hulazwa chali kwa muda.

Muulize daktari kama ataingilia upande wa pili, mkabala na kifuko. Njia hiyo huokoa jointi, na jointi ikiondolewa zaidi ya nusu, pingili huweza kuanza kuteleza.

Kufunga pingili kwa skrubu ni ghali na kidonda chake ni kikubwa. Kunafaa kama pingili imeshateleza na eksirei za kuinama mbele na nyuma zinaonyesha inacheza. Kabla ya picha hizo, usikubali skrubu.

Mkojo ukikwama, au ganzi ikishika sehemu za siri na makalio, nenda dharura saa hiyohiyo, hata kama miadi yako ni kesho.